Kabla ya Kuandika Historia ya Kikundi Chenu cha Maigizo, Tafuteni Daftari la Mweka Hazina

Kikundi chetu cha maigizo kilianza mwaka 1994 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, na kikafifia kimyakimya mwaka 2003, pasipo hata mkutano wa kukivunja, baada ya wengi wetu kuoa, kuolewa au kwenda kutafuta kazi Tanga mjini na Dar es Salaam. Sikuwahi kudhani kwamba michezo yetu ilistahili kuandikwa mpaka nilipokwenda kwenye msiba wa mmoja wa waanzilishi na kuwasikia wazee wanne wakisimulia mchezo uleule kwa namna nne zinazopingana, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyekuwepo. Tangu siku hiyo nimetumia takribani miaka miwili kukusanya kumbukumbu za kikundi, na kwa kuwa mwanzoni niliifanya kazi hiyo vibaya, ninaandika ili wenzangu wa vikundi vya vijijini wasirudie makosa yangu.

Kosa la kwanza lilikuwa kuanza na waigizaji. Niliwaalika saba nyumbani, tukaketi chini ya mwembe kwa chai na mihogo ya kuchemsha, na hadi jioni nilikuwa nimejaza kurasa ishirini za sifa. Kwa maelezo yao, kila onyesho lilijaa watu mpaka wengine wakapanda miti, na hapakuwa na mchezo uliozomewa hata mmoja, ingawa mimi mwenyewe nakumbuka vizuri sana nilivyozomewa. Mwigizaji hukumbuka alichokisema na namna alivyoshangiliwa. Yaliyokuwa yakitokea nyuma ya mgongo wake hayajui, na sioni haki ya kumlaumu kwa hilo.

Nuru ilitoka mahali ambapo sikupatazamia. Mweka hazina wetu, fundi cherehani ambaye hakuwahi kupanda jukwaani hata siku moja, alikuwa amehifadhi kaunta buku la kikundi chini ya kitambaa cha mashine yake kwa miaka yote hiyo. Humo hamkuwa na neno lolote la mchezo, bali mafuta ya taa ya karabai, betri za redio, pamba ya kutengenezea ndevu, nauli ya kwenda kijiji cha jirani, na mwisho wa kila ukurasa fedha za kiingilio, watu wazima shilingi 50 na watoto shilingi 20. Nilipoyapanga mapato hayo nikagundua kwamba ule mchezo wa mirathi tuliojivunia, wenye maneno mazito na kilio kirefu, ulionyeshwa mara moja tu na haukurudisha hata gharama ya mafuta ya taa. Kichekesho tulichokionea aibu, cha mkulima aliyeuza machungwa yake yakiwa bado maua kwa mchuuzi mmoja, kisha akayauza tena kwa mchuuzi wa pili, kilirudiwa mara tisa. Anayeijua Muheza hatashangaa. Mkulima mwenye shida ya ada au ya matibabu huuza machungwa yangali mtini kwa bei ya kutupa, na siku ya kuvuna husimama pembeni akitazama lori likijazwa mali ambayo si yake tena. Watazamaji walilipa kiingilio ili waone mtu wa namna yao akimzidi mchuuzi akili, walau kwa saa moja.

Msihangaike kutafuta hati ya mchezo ikiwa kikundi chenu kilifanya kazi kama chetu. Mwongozaji alitupa kisa, tukagawana wahusika, na maneno yakazaliwa katika mazoezi na kubadilika kila tulipoonyesha. Ndani ya kikundi palikuwa na mvutano juu ya jambo hili: wakubwa wetu walikuwa wamelelewa shuleni na ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana, utanzu ambao mshairi Mathias Mnyampala aliutumia kueneza siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na walitaka mistari ikaririwe kama ilivyotungwa, ilhali sisi vijana tulivutwa na vichekesho vya vikundi vya Dar es Salaam kama Muungano na TOT (Tanzania One Theatre), ambamo mchekeshaji humjibu mtazamaji papo kwa papo. Kwa hiyo mtu akikueleza mchezo kwa namna tofauti na mwenzake, usiharakishe kumsahihisha, maana huenda waliona maonyesho mawili tofauti. Andika masimulizi yote mawili, na kila moja ulitajie mahali lilipoonyeshwa.

Tarehe hazinisumbui tena. Ukimuuliza mtu mchezo ulikuwa mwaka gani atakupa mwaka wowote ili kukuridhisha, lakini ukimuuliza kama ulikuwa kabla ya mvua za El Nino za mwishoni mwa mwaka 1997 au baada yake, atakumbuka mara moja kama barabara ilikuwa inapitika. Sisi tulitumia pia uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995, na kifo cha Mwalimu Nyerere tarehe 14 Oktoba 1999, kwa kuwa maombolezo yalitukuta na mchezo ulio tayari ambao haukuonyeshwa tena.

Watazamaji ni mashahidi wazuri kuliko waigizaji, ila nao wana mtego wao. Wanawake watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walinisimulia jinsi tulivyoigiza kisa cha dereva wa lori aliyepata UKIMWI kwa tamaa zake za njiani. Hatukuwahi kuwa na mhusika huyo. Alikuwa Mkwaju wa Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, na sauti yake ilikuwa imechanganyika na sura zetu katika kumbukumbu zao. Kwanza nilikata tamaa, kisha nikaona kwamba hata hilo lafaa kuandikwa, kwa sababu linaonyesha tulikuwa tukishindana na nani.

Jambo lililonifunza zaidi ya yote lilitokea kwa bahati. Bibi mmoja, ambaye enzi hizo alikuwa mama mkwe mkali katika michezo yetu yote, aliniambia mara mbili, "Mwanangu, umri umekwenda, sikumbuki hata neno." Siku ya tatu nilimkuta jikoni akisonga ugali. Nikamwuliza alikuwa akisimamaje mbele ya mkaza mwana. Akageuka, mwiko ukiwa bado mkononi, akashika kiuno, na maneno yakaanza kumtoka, yake na ya mkaza mwana pia, kwa muda wa robo saa nzima, huku wajukuu wakicheka mlangoni na ugali ukiungua. Tangu hapo sikumhoji mtu yeyote akiwa ameketi. Nilimpa kila mmoja kitu alichokuwa akikishika, iwe fimbo, kanga au jembe, nikamwomba asimame mahali alipokuwa akisimama. Rekodini kwa simu, lakini ombeni ruhusa kwanza, kaeni mbali na banda la kuku, na nakala ya pili mpeni mtu anayeishi nyumba nyingine.

Msiifute michezo inayowatia aibu. Mwaka 1996 tulionyesha mchezo wa UKIMWI ambamo kijana mwembamba alijipaka majivu na kutambaa jukwaani, na tulidhani kwamba hofu ndiyo elimu. Katikati ya onyesho familia moja iliinuka na kuondoka, kwa sababu walikuwa wamemwacha nyumbani mgonjwa wa namna hiyo. Hakuna mwigizaji aliyenieleza habari hiyo. Nilielezwa na jirani yao. Nilikwenda kwa familia ile kuomba radhi kabla ya kuandika mstari wowote, na kwa ombi lao nimeeleza tulichokifanya bila kutaja ni nyumba ya nani.

Kati ya michezo kumi na mmoja iliyo katika daftari, tumekwisha kuandika kumi. Wa kumi na mmoja una orodha ya matumizi tu: pamba, masizi, kanga moja ya kuazima na kuku mmoja, hai, shilingi 900. Nimewauliza watu wote waliobaki, na nimewasimamisha wote, lakini mpaka leo hakuna anayekumbuka kuku yule alifanya nini jukwaani.