Maswali Yenu: Visiwa vina wafalme watano, maji je?

SWALI: Asalam aleikum Maalim. Niko Langoni hapa Lamu, naandika stori ya fantasia, nimebuni visiwa vitano naviita Zingamaji, ramani nishachora mpaka rangi nimetia. Kila kisiwa kina mfalme wake na dhahabu na jini anolinda bandari, na visiwa viwili vikubwa vina uhasama wa tangu zamani. Ndugu yangu kasoma akasema ati haiaminiki. Sa haiaminiki vipi na yenyewe ni ya kubuni?

JIBU: Waaleikum salam mwanangu. Majini yako hayana neno, waache hapo hapo bandarini. Shida ni hao binadamu, hawali hawanywi, wana dhahabu tu. Maji matamu wayapata wapi? Nyinyi hapo mwaishi kwa ile michanga ya Shela, mvua ikinyesha mchanga unayaweka maji chini na visima vinapata, na hapo ng'ambo Manda kuna magofu ya Takwa, watu walihama karne ya 17 na visima kuingia chumvi ni moja ya sababu zinazotajwa sana. Kwa hiyo amua kwanza kisiwa gani kina maji, huyo ndo mkubwa, hata mfalme wake akiwa hana viatu.

Halafu upepo. Kaskazi yaleta majahazi kutoka Arabuni na India, kusi yayarudisha, na katikati mgeni hana pa kwenda, yani akae miezi, aoe, akope, agombane na wakwe, hapo stori ushapata bila kumwita jini.

Dhahabu punguza, tafuta kitu cha kuuza chenye uzito. Boriti za mikoko za Lamu zilikuwa zapelekwa Arabuni kuezekea nyumba manake kule miti ya kujengea shida, na vyumba vya nyumba za mawe vikawa vyembamba kwa sababu boriti haifiki mbali. Serikali ikafunga kuuza nje 1982, na wakataji wengi wakabaki wanatazamana. Mfalme wako mmoja na afanye hivyo, uone kama hatukusikia kelele!

Sasa siasa, na hapa ndo nakutaka usome mara mbili. "Uhasama wa tangu zamani" si sababu. Malindi walimpokea Vasco da Gama, baharia Mreno, 1498 na wakampa rubani wa kumfikisha India, si kwa ukarimu tu, walikuwa wanatafuta mwenzao wa kuwakabili Mombasa. Wareno wakakaa Malindi miaka, kisha Mombasa ikaanguka, 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus kule kule Mombasa, na mtawala wa Malindi naye akahamia huko! Alishinda, mji wake ukafifia. Na nyinyi Lamu mkawapiga watu wa Pate, kisiwa jirani, na Mazrui, watawala wa Mombasa, pale Shela, kama 1812 hivi, halafu mkaenda kumuomba Sayyid Said wa Oman awalinde, mpaka leo ngome iko mjini. Mshindi anaogopa kisasi, anaita mgeni, mgeni haondoki. Wape Zingamaji hiyo. Na wafalme watano wa nini? Lamu yenyewe iliendeshwa na wazee, makundi mawili, Zena na Suudi, wakipokezana, kisiwa kimoja na kiwe hivyo, ubishi wa baraza utamu wake wazidi wa ikulu.

SWALI: Maalim mimi niko Malindi, mfalme wangu wa kubuni ataka kumpelekea mfalme wa mbali mnyama wa ajabu. Nibuni farasi mwenye mabawa?

JIBU: Usijisumbue. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga China, na watu wa kasri la Ming, ukoo uliokuwa ukitawala huko, wakamchukulia kuwa qilin, mnyama wao wa baraka. Chukua mnyama wa kawaida wa kwenu umpeleke pasipojulikana, ila tuambie alipakiwaje chomboni na alikula nini njiani, hapo wengi huwa wanaruka.