Kuhusu ile MGB ya 1966: injini iache mwisho, anza na bodi

Mkuu, swali lako nimelisoma vizuri na picha ulizoweka nimezikuza moja moja. Kwa wadau wanaoingia sasa: mwenzetu yuko Leicester, amepata MGB, lile gari dogo la michezo la kampuni ya MG ya Uingereza, ya wazi (isiyo na paa la bati) ya mwaka 1966, kijani iliyokolea, rimu za spoki. Muuzaji anasema imefanyiwa kila kitu kuanzia chini hadi juu na anataka pauni 16,500. Mkuu anauliza kama injini ya zamani kiasi hicho haitamsumbua.

Mimi ni fundi bodi, niko kwenye gereji ya magari ya zamani hapa Birmingham, na hakuna gari linalopita mikononi mwangu mara nyingi kuliko MGB. Ninayo yangu pia, ya paa gumu, ile GT, na nikiiwasha asubuhi ya jua nasahau uchovu wa wiki nzima. Kwa hiyo nakujibu kama mtu anayetaka upate gari hili, ila upate lililo zima.

Injini isikupe hofu. Ni 1798 cc, silinda nne, kabureta mbili za SU, na spea zake zinauzwa mpaka leo kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Ya 1966 tayari ina beringi kuu tano kwenye krenki; zile za mwanzo, toka 1962 mpaka 1964, zilikuwa na tatu. Fundi yeyote aliyekulia kwenye kabureta ataifungua na kuifunga. Iendeshe mpaka ipate moto, halafu tazama geji ya oili: ukiwa mwendoni ikae 50 au zaidi, gari likiwa limesimama injini inaunguruma tu ishuke mpaka kati ya 15 na 25. Basi.

Kinachomfilisi mnunuzi wa MGB ni bodi.

MGA, iliyoitangulia, ilikuwa na chasisi yake chini na bodi imekaa juu yake. Syd Enever, mhandisi mkuu wa MG, na wenzake pale kiwandani Abingdon walipoichora MGB waliiondoa ile chasisi, bodi yenyewe ikabeba kila kitu. Sasa gari la wazi halina paa la kulishikilia, kwa hiyo nguvu karibu yote imewekwa kwenye yale maboksi mawili marefu yanayopita chini ya milango, yaani sili. Kila sili ina bati la nje, ukuta wa katikati, bati la ndani, na reli chini yake. Tairi la mbele linarusha matope yanajikusanya nyuma ya fenda, yanakaa pale na unyevu wake msimu hadi msimu, na kutu inaanza ndani ikija nje. Siku unapoona kipele cha kutu kwenye rangi, ukuta wa katikati umeshakwisha zamani.

Kubadilisha sili inavyotakiwa ni kazi ndefu. Fenda ya mbele inafunguliwa bolti, fenda ya nyuma inakatwa chini kwa sababu sili inaingia mpaka ndani yake, na kabla hujakata chochote unafunga vyuma kwenye uwazi wa mlango ili gari lisijikunje likiwa halina mgongo. Njia ya mkato ni kubandika bati jipya juu ya bovu, kulichomelea, kupaka pati (ile dawa ya kujazia mabonde) na kupiga rangi. Zote mbili zikikauka zinang'aa sawasawa.

Kuna mteja alituletea nyekundu aliyoinunua mahali kama "imekarabatiwa upya". Rangi yake ungeweza kuitumia kama kioo cha kunyolea ndevu. Alilalamika tu kwamba mlango wa kulia unakwaruza. Nikaweka jeki chini ya sili, nikainua, mlango ukagoma kabisa kufunguka. Tulipokata bati la nje tukakuta jingine bovu ndani, pati unene wa kidole, na povu lile la kuzibia fremu za madirisha. Muuzaji alikuwa amemwonyesha risiti za rangi, za viti vya ngozi, za turubai jipya, na zote zilikuwa za kweli. Picha ya sili ikiwa wazi hakuonyeshwa hata moja. Yule bwana akalipia ukarabati mara ya pili, na nilimwonea uchungu sana, maana pesa ile ilikuwa akiba yake ya kustaafu.

Ndiyo maana picha yako ya tatu inanipa wasiwasi. Uwazi kati ya mlango wa kushoto na fenda ya nyuma unabana juu na kupanuka chini. Gari linapozama katikati ndivyo linavyokaa. Inaweza pia kuwa bawaba tu, nisimhukumu muuzaji kwa picha ya simu. Ukifika, piga magoti utazame pale chini ya fenda inapokutana na sili: kwenye kazi ya haki mstari wa muungo unaonekana, bati likibandikwa juu mstari unafunikwa. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa, usije ukakwaruza rangi ya mtu; penye pati nene haishiki. Kisha omba jeki, uinue upande mmoja, ufungue na kufunga mlango. Nyuma ya viti inua kapeti uone masanduku ya betri, maana ya mwaka huo ilikuja na mbili za volti 6 na chini yake huoza. Spoki: gari likiwa juu, handibreki imevutwa, jaribu kuzungusha tairi la nyuma mbele na nyuma. Likicheza kwenye habu, meno yamelika.

La muhimu kuliko yote hayo, dai picha za kazi. Aliyekarabati kwa moyo huwa nazo tele na hufurahi kuzionyesha. Akikwambia bodi yote ni mpya ya British Motor Heritage, ni habari njema: toka 1988 wanatengeneza bodi za MGB kwa kalibu za kiwandani. Hapo unadai risiti.

Halafu MOT, ule ukaguzi wa usalama wa gari wa kila mwaka. Tangu Mei 2018 gari lililopita miaka 40 halilazimiki kupimwa hapa Uingereza, mradi halijabadilishwa sana, kwa hiyo linaweza kuwa halijaguswa na mkaguzi kwa miaka. Mwombe alipeleke hata hivyo. Ada ni ndogo, na akiwa na imani na gari lake hatakataa. Historia ya vipimo vya nyuma unaisoma bure kwenye tovuti ya serikali.

Bei? Picha zikiwepo na mlango ukafunguka kwenye jeki, mimi ningelipa hiyo 16,500 bila kuumia, kwa sababu ukarabati wa kweli mara nyingi unakula zaidi ya gari linavyouzwa. Bila picha nisingetoa hata nusu. Ukilichukua, weka petroli ya E5. E10 ina ethanoli nyingi zaidi na mipira ya zamani haiipendi.

Nitumie namba ya chasisi inboksi. Ikianza na GHN3 ni ya wazi kweli, na ikifuatiwa na L ilitoka Abingdon na stelingi ya kushoto, pengine ikaenda Marekani kama nyingi zilivyokwenda, kisha ikarudishwa na kuhamishiwa stelingi kulia. Hilo lisikukatishe tamaa: zilizoishi kwenye majimbo makavu huko nimekuta sili zake ni za kiwandani bado. Ila muuzaji alitakiwa akwambie mwenyewe.

Jumamosi sina kazi. Akikubali gari liinuliwe, nakuja Leicester na jeki yangu.