Wavu ukipita chini, tope si linarudi lenyewe?

SWALI: Nasikia watu wanalalamika kuhusu meli zinazokokota nyavu chini kabisa baharini. Lakini kule si mchanga na tope tu, si vinarudi vyenyewe?

JIBU: Ndugu yangu, swali zuri, manake wengi wanafikiri hivyo hivyo. Ule wavu haupiti peke yake, mdomo wake unashikiliwa wazi na mabamba mawili ya chuma, kwenye meli kubwa yana uzito wa tani kadhaa, yanachimba mitaro huku minyororo na magurudumu yanasaga kila kilichosimama. Na lile tope sio takataka, lina mashimo ya minyoo na kaa, hewa inapita humo, ndo maana liko hai. Likitimuliwa linakuja kutua juu ya sponji na chaza wanaochuja maji, wanakabwa.

Kwenye mchanga unaosukwa na mawimbi kila siku afadhali, hali inarudi mapema. Ila matumbawe ya maji baridi huko kilindini yanakua milimita chache tu kwa mwaka! Kule Hawaii kuna matumbawe meusi yaliyopimwa umri yakakutwa na zaidi ya miaka 4,000, sasa wavu unalivunja tawi kama hilo kwa dakika moja, mi inaniuma kweli.

Norwe walifunga miamba yao ya matumbawe ya Sula isikokotwe nyavu mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku ukokotaji kwenye kina kinachozidi mita 800 mwaka 2016.