Jibu: Ngazi ya changamoto kwenye klabu ya upinde
Mkuu, umeuliza klabu yenu ya Makambako iendesheje ngazi (orodha ya nafasi ambamo wa chini humpa changamoto wa juu, akishinda wanabadilishana nafasi) bila wanachama wapya kuchapwa kila wiki. Wapeni alama za nyongeza. Kila mtu apige mishale 30 kwa mita 18, shabaha ya sentimita 40, mara tatu, chukueni wastani. Mwenye wastani wa 210 akimpa changamoto mwenye 240, tofauti ni 30; mwongezeeni asilimia 80, yaani 24. Akipiga 215 anahesabiwa 239, na mwenzake akiishia 238 wanabadilishana nafasi. Msimwongezee tofauti yote, mazoezi yatakosa faida.

Shida ni wanaoficha uwezo siku ya wastani (wapo!), hivyo kokotoeni wastani upya kila baada ya pambano. Wawili wapige pamoja, zamu kwa zamu: upepo wa huko mchana si wa asubuhi.