Mkutubi akistaafu, droo yake msiiguse kwanza

Wadogo zangu wa maktaba, hasa nyie mliotoka chuo Bagamoyo juzijuzi na nyie mlioko field, hii ni yenu, naomba msome mpaka mwisho hata kama ndefu.

Ijumaa tulimuaga Mama yetu wa kaunta, miaka 36 kazini. Mlipendeza kweli, vitenge sare, bango, keki, vigelegele mpaka wasomaji wakatoka kuchungulia, na ile saa ya ukutani yenye picha yake mlichanga wenyewe bila kusukumwa na mtu. Nilifurahi sana. Jumatatu saa mbili kasoro naingia nakuta wawili wenu mmeshika kiroba mnamimina droo yake humo, mnaniambia mnampisha mgeni. Nikafoka. Najua mlishtuka maana siyo kawaida yangu. Sasa nawaeleza kwa nini, na humohumo nitatia na mengine ambayo nayarudia kila mwaka field inapokuja.

1. Rafu zikaguliwe asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

2. Kwenye namba za Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu rafuni, ushairi wa Kiswahili hauendi 496.392 jamani. Hapo ni lugha yenyewe, sarufi na wenzake. Fasihi ni 896.392. Juzi nimeokota diwani tatu zimekaa katikati ya vitabu vya sarufi, na kuna binti wa kidato cha sita alikuwa ameshazitafuta nusu saa akaondoka akiamini hatuna, na kwake yeye ni kweli hatukuwa nazo.

3. Maandishi ya mkutubi anayeondoka yasitupwe mpaka yeye mwenyewe aseme ni nini. Hapa nitakaa kidogo.

Nilianza kazi 2001 kwenye maktaba ya mkoa mmoja, siutaji. Nilimkuta Mzee mmoja aliyeingia huduma ya maktaba 1969, miaka miwili tu baada ya Mwalimu Nyerere kufungua Maktaba Kuu pale Dar, tarehe 9 Desemba 1967. Kila asubuhi magazeti yakifika, kabla hayajaenda kwa wasomaji, Mzee anayapitia, penseli iko nyuma ya sikio. Akikuta habari yoyote ya mkoa wetu, iwe daraja, kisima, kipindupindu, shule mpya, anachukua kadi. Juu kushoto neno kuu kwa herufi kubwa, chini yake jina la gazeti, tarehe, ukurasa, halafu namba ya fungu ambalo gazeti hilo limefungwa kule stoo. Uhuru yote aliipitia hivyo, na lile gazeti la vijijini la kisomo, Elimu Haina Mwisho, nalo alilipitia. Kadi zilikaa kwenye maboksi manne ya viatu juu ya kabati. Alifanya hivyo miaka 34.

Alistaafu 2003. Tulimpa bati 20 na redio, hotuba zikasomwa, akalia, tukalia. Hakuna aliyemuuliza, Mzee, kwenye yale maboksi kuna nini. Mimi meza yangu ilikuwa ya pili kutoka kwake na sikuuliza.

Wiki mbili baadaye zikaja kompyuta. Nilikuwa peke yangu niliyepata mafunzo ya CDS/ISIS, ile programu ya UNESCO ya kutunzia kataloji kwenye kompyuta, nikaambiwa nitoe vitu chumbani zikae meza. Nikashusha maboksi, nikachomoa kadi kama kumi hivi, nikaona kadi kama zile za kataloji tulizokuwa tunakwenda kuziingiza kwenye mashine, nikasema hizi kazi yake imeisha. Mama aliyekuwa anauza chai getini alikuwa anaomba karatasi za kuwashia moto. Nikambebea mwenyewe, safari mbili, na nilijisikia mtu mwema.

Haukupita mwezi akaja mwalimu mstaafu, kavaa koti, bahasha ya kaki kwapani. Shule yao ilikuwa na mgogoro wa eneo na familia moja. Anakumbuka miaka ya Operesheni Vijiji gazeti lilitoa picha ya wanakijiji wanajenga madarasa na habari kwamba kijiji kimetoa lile eneo, ila hajui gazeti gani wala mwaka gani, na kesi inasikilizwa baada ya wiki mbili. Akasema, "Mzee aliniambia nikija hapa niseme tu jina la kijiji, mtanitolea."

Nilisimama pale kaunta sina la kusema.

Tulitafuta siku kumi na moja. Mafungu ya magazeti yalikuwa mengi kuliko siku tulizokuwa nazo, mengine mchwa ameshaingia, mimi na mwenzangu tunafungua ukurasa baada ya ukurasa mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Hatukulipata. Mwalimu akaenda kwenye kesi yake na bahasha ileile.

Siku hizohizo nimeenda kunywa chai pale getini, naona yule mama anaandika madeni. Ameandika chai mbili, chapati moja, na jina la mtu. Nikaomba nione. Akaigeuza. Upande wa pili ni mwandiko wa Mzee, MAJI juu kushoto, KISIMA chini yake, tarehe, ukurasa, fungu. Mama wa watu alikuwa amebakiza kadi tisa tu za kuandikia, nyingine zote zimechemsha chai, na baadhi ya hiyo chai nilikunywa mimi.

Jumapili nikapanda basi kwenda kwa Mzee kumwambia. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikasema yote, sikuficha kwamba ni mimi. Akaendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha, akaniuliza, "Zote?" Nikasema zote, zimebaki tisa. Akamwita mkewe atuletee uji. Halafu akaniambia nitoe daftari. Aliyokuwa anayakumbuka kichwani akayataja, mimi naandika, mpaka giza likaingia, na nikarudi Jumapili tatu zaidi. Tulipata maingizo 212 kati ya maelfu. Ile ya shule haikuwemo. Mpaka leo nikiona boksi la viatu tumbo linanikata, na ndiyo maana Jumatatu nilipaza sauti.

4. Heshima ya mkutubi isisubiri siku ya keki. Mei Mosi ikikaribia pendekezeni majina ya wenzenu wa kaunta, waliokaa miaka thelathini, siyo wa ofisi za juu tu. Na mkiandika hotuba ulizeni mtu kafanya nini. Ijumaa MC alisema Mama "alikuwa akigawa vitabu", nikaumia. Huyu Mama amefundisha watoto wa Jumamosi kusoma hadithi kwa sauti tangu wakati baadhi yenu hamjazaliwa, anajua kubandika mgongo wa kitabu kwa uji wa unga wa ngano na kikakaa miaka kumi, vitabu vilivyochelewa alivifuata majumbani kwa miguu na wenye navyo wakampa chakula. Hayo yalitakiwa yasemwe kwenye maikrofoni. Na nikiwauliza Ezekiel Kaungamno ni nani, wangapi mnajua alikuwa Mtanzania wa kwanza kuiongoza huduma ya maktaba ya taifa? Tunajua nani alianzisha Dewey kule Marekani 1876 na wetu hatuwajui. Hili linanisikitisha kuliko hata rafu zilizovurugika.

5. Koha, programu yetu ya kataloji kwenye kompyuta, ifanyiwe bakapu kila jioni, na nakala moja isikae jengo hilihili.

6. Andikeni kwa penseli. Wino ukipata unyevu unaondoka na kila kitu.

Sasa ile droo. Kiroba nimekirudisha na kila kitu kiko mezani kwangu, hakuna kilichopotea. Kuna madaftari saba ya mistari, muhuri wa tarehe wa zamani, sindano na uzi mweupe wa kushonea vitabu, na bahasha ya picha za watoto wa Jumamosi, nyuma kila picha ina majina kwa mwandiko wake. Daftari la tatu lina orodha ya vitabu ambavyo wasomaji walikuja kuviomba na hatukuwa navyo, mwaka hadi mwaka, na mbele ya vingine kuna alama ya vema na tarehe kilipopatikana.

Nimempigia simu. Amekubali kuja Jumanne saa nne, nauli yake nimeshamtumia. Mmoja wenu aandike, mmoja arekodi kwa simu, na mmoja awe anamfungulia madaftari ukurasa kwa ukurasa maana macho yanamsumbua. Kile kiti chake cha mbao kirudisheni kaunta kabla hajafika.