Chuo cha dini na mambo ya jukwaani

Mdogo wangu, umeuliza kama miaka miwili ya sanaa za maonyesho kwenye chuo cha dini utakuwa unapoteza muda tu. Mi nasema inategemea unataka nini. Kama ni ufundi wa nyuma ya jukwaa, taa, sauti, seti (mandhari inayojengwa jukwaani), basi chuo kidogo kinaweza kukufaa kuliko unavyodhani, maana watu ni wachache na wiki ya pili tu ushapewa drili mkononi, unaunga fremu za mbao na kuzibana kitambaa ziwe ukuta. Utajifunza vitu vidogo vidogo kama kutoshika balbu ya halojeni kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi yanabaki kwenye kioo, ikipata moto hapo inaweza kupasuka, na kila taa unayoning'iniza juu lazima iwe na kamba yake ya chuma ya usalama.

Uigizaji ndo kuna kasheshe kidogo. Matusi, mapenzi ya wazi, vingine vinakatwa kwenye skripti au mchezo wenyewe haupiti kabisa, so kabla hujalipa chochote omba orodha ya michezo waliyocheza miaka ya karibuni, na usome kanuni za maadili wanazokusainisha, wengine zinakubana mpaka nje ya chuo.

Ila kubwa zaidi ni kuhamisha masomo, yaani kozi ulizosoma hapo zihesabiwe ukienda kuendelea chuo kingine. Kiulize chuo unachotaka kwenda baadaye, sio hicho cha sasa, kozi zipi watazikubali, na wakupe kwa maandishi. Na piga picha kila seti unayojenga kabla haijabomolewa, maana mara nyingi inabomolewa usiku uleule wa onyesho la mwisho.