Kilwa ilikuwa na sultani, mfalme au chifu?

Mama mmoja wa Lindi kaniandikia hivi: "Mwalimu shikamoo. Mwanangu yuko fomu wani, wamepewa kazi ya kuandika kuhusu watawala wa Kilwa ya kale. Kitabu kimoja kinasema sultani, kingine mfalme, na vidio aliyoiona kwenye simu inasema chifu wa Kilwa. Aandike lipi?"

Marahaba mama. Mwambie aandike sultani, na akiandika mfalme hajakosea. Hilo la tatu alifute kabisa.

Sultani ni Kiarabu, asili yake ni mamlaka, na ndo cheo alichokitumia Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331 akamkuta mtawala wake al-Hasan bin Sulaiman. Mfalme ni letu na ni la zamani sana, maana al-Masudi, mwandishi Mwarabu aliyepita pwani hii karne ya 10, aliandika kwa herufi za Kiarabu cheo cha mtawala wa Wazanji, yani watu wa pwani hii, na wapo wataalamu wanaokisoma "wafalme". Hapo swali lako limekwisha mama, ila nivumilie kidogo kwa sababu hilo chifu limenikaa kooni miaka mingi na leo nalitoa.

Chifu ni neno la Kiingereza limevalishwa irabu, basi. Lenyewe halina ubaya, ubaya ni kazi tunayolipa. Chukua sentensi hii ambayo nimeisoma kwa namna tofauti tofauti sijui mara ngapi: "Mwaka 1505 mfalme wa Ureno alimtuma Almeida, naye akamshambulia chifu wa Kilwa." Irudie polepole. Manuel wa Ureno ni mfalme. Ibrahim wa Kilwa ni chifu. Kwa nini? Wote wawili walitawala, wote walikusanya ushuru bandarini, wote walikuwa wanaitaka dhahabu ileile ya Sofala, bandari ya huko Msumbiji, tena Kilwa ilishaishika hiyo biashara kabla Mreno hajajua njia ya kuja huku. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na meli zenye mizinga na mwingine hakuwa nazo, sasa tangu lini mizinga ikawa kipimo cha cheo cha mtu?

Na mwangalie huyo tunayemwita chifu alikaa kwenye nini. Husuni Kubwa, jumba la huyo al-Hasan, lina vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogelea la pembe nane, juu ya genge linalotazama bahari. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, jina la mtawala limeandikwa humo, na moja yenye jina la al-Hasan imekutwa Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe ulioko bara kabisa, yani ushahidi wa biashara unaoushika mkononi. Ibn Battuta anasimulia kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake, na kwamba fakiri mmoja wa Yemen alimuomba nguo alizovaa mwilini, naye sultani akaingia ndani akazivua akampa. Mtu wa namna hiyo unamtaja kwa neno la barazani kwa DC?

Hukohuko Great Zimbabwe mambo ni hayohayo. Ukuta wa mawe, hakuna hata chokaa ya kuyashikisha, unafika mita 11 kwenda juu, halafu maelezo chini ya picha yanasema "makazi ya chifu". Washona wana neno lao, mambo, ndo mfalme kwao, lakini mwandishi kaona tabu kuuliza.

Kinachoniuma zaidi ni Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa kumaliza Vita vya Kwanza vya Dunia, una ibara ya 246 inayoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la "Sultani Mkwawa". Sultani! Wazungu wa 1919, ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kumpamba Mwafrika, waliandika sultani kwenye mkataba wa dunia nzima, na sisi wajukuu zake tunaandika Chifu Mkwawa. Wahehe wenyewe wanasema Mtwa. Wanyamwezi na Wasukuma wana mtemi, Wachaga mangi, Karagwe omukama, Buha mwami. Maneno yapo mdomoni mwa bibi zetu, hayahitaji hata kamusi, tumeyasukuma yote kwenye kapu moja la Kiingereza.

Chifu lina mahali pake na hapo sina ugomvi nalo. Mwingereza alipoanza kutawala Tanganyika kupitia viongozi wa jadi miaka ya 1920, aliyewekwa kwenye daftari la serikali akawa analipwa mshahara na kukusanya kodi, huyo mwite chifu, ndo kazi yake ilivyoitwa mpaka serikali ya uhuru ilipoufuta mfumo huo 1963. Kenya mpaka leo chifu ni mtumishi wa serikali, anaitisha baraza, anakuandikia barua ukitaka kitambulisho. Sasa mtoto wa Kenya akisoma "chifu wa Kilwa" ataona picha gani kichwani? Ataona bwana wa kaunda suti ya kaki na fimbo, hataona jumba la vyumba 100.

Najua mtaniambia lugha inakua na neno limeshazoeleka. Haya. Wanaojiita machifu leo kwa hiari yao siwagusi, mtu na jina lake, wala sitamsimamisha mzee msibani nimsahihishe. Lakini al-Hasan bin Sulaiman hakujiita hivyo, watu wake hawakumwita hivyo, wala mgeni aliyelala mjini kwake hakumwita hivyo.

Kwa hiyo mama, kijana aandike Sultani al-Hasan bin Sulaiman, herufi kubwa kwa sababu cheo kimeungana na jina, na kikisimama peke yake aandike sultani kwa herufi ndogo. Mwalimu wake akimkata maksi, piga picha hilo daftari unitumie.